Serendipity: neno lililopoteza nusu ya maana yake (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Watu wengi wanaokutana na neno hili la Kiingereza huambiwa kwamba maana yake ni bahati njema, basi. Maelezo hayo yameishia katikati. Aliyelibuni alitia ndani yake mambo mawili, na moja limedondoka njiani. Mara ya kwanza nilipolikuta katika kazi ya kutafsiri, niliandika "bahati" na kufungua ukurasa unaofuata. Nilikosea, na maswali haya ndiyo niliyojiuliza na kuulizwa na wengine tangu siku hiyo.

Neno hili lilitoka wapi?

Maneno mengi hayana siku ya kuzaliwa. Hili linayo: tarehe 28 Januari 1754. Siku hiyo Horace Walpole, mwandishi na mbunge wa Uingereza, mtoto wa Robert Walpole anayehesabiwa kuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi hiyo, alimwandikia barua rafiki yake Horace Mann, aliyekuwa mwakilishi wa Uingereza huko Florence. Mann alikuwa amempelekea picha ya Bianca Cappello, mwanamke wa Venice aliyeolewa na mtawala wa Toscana katika karne ya 16. Walpole alipokuwa akipitia kitabu cha zamani cha nembo za koo za Venice, aliona kwamba ukoo wa Cappello ulikuwa na nembo mbili. Zote zilikuwa na kofia, maana jina lenyewe linafanana na neno la Kiitalia la kofia, lakini moja ilikuwa imeongezwa ua juu ya tufe la buluu. Alama hiyo aliijua: ilikuwa ya ukoo wa Medici, watawala wa Toscana na wakwe zao. Akaelewa papo hapo kwamba iliongezwa kwa heshima ya ndoa ile.

Hakuwa akitafuta jambo hilo, lakini alipoliona alilitambua. Akamwandikia Mann kwamba ugunduzi wa namna hiyo yeye huuita *serendipity*, akamweleza kwamba amelitoa katika hadithi aliyowahi kuisoma ya wana watatu wa mfalme wa Serendip, ambao safarini walikuwa wakigundua mambo wasiyoyatafuta "kwa sadfa na kwa werevu".

Naomba msomaji ayashike maneno hayo mawili, sadfa na werevu. Yote yanayofuata yanayahusu.

Serendip ni mahali pa kweli?

Ndiyo. Ni Sri Lanka. Waarabu na Waajemi walikiita kisiwa hicho Sarandibu, na wasomaji wengi wa pwani yetu wamelisikia jina hilo madrasani au kwa wazee kabla ya kulisikia katika Kiingereza chochote, kwa kuwa mapokeo ya Kiislamu yanasimulia kwamba Nabii Adamu aliteremshwa huko. Mlima mrefu wa kisiwa hicho wenye alama inayoitwa unyayo wa Adamu ulikuwa ukitembelewa na mahujaji wa dini mbalimbali. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipanda mlima huo mwaka 1344, naye anauita mlima wa Sarandibu. Kwa hiyo jina lililokuja kuzaa neno la Walpole lilikuwa likitembea katika Bahari ya Hindi pamoja na pepo za kaskazi na kusi, karne nyingi kabla mtu wa London hajalitia katika barua.

Nyuma ya Sarandibu kuna jina la zamani zaidi, la Kisanskriti: *Simhaladvipa*, kisiwa cha Wasinhala. *Dvipa* ni kisiwa, na bado linasikika katika Lakshadweep na katika Diu ya pwani ya Gujarat. *Simha* ni simba.

Simha na simba! Basi neno letu limetoka India?

Swali hili huja kila mara, na ninaelewa kwa nini. Maneno mawili yanafanana, maana ni ileile, na bahari iliyo kati yake imevukwa kwa maelfu ya miaka. Lakini hapana. Simba ni la Kibantu. Washona, walio mbali na pwani, humwita *shumba*, na katika baadhi ya lugha za Kibantu mzizi huohuo humtaja mnyama mdogo wa jamii ya kanu. Neno lenye ndugu waliotapakaa hivyo bara, mpaka na maana zake zikabadilika kila lilipokwenda, halikushuka jana kutoka jahazini. Singapore ndiyo iliyoitwa kwa *simha*. Sisi tuna simba wetu.

Kufanana kwa simba na simha ni sadfa tupu. Anayeziona sauti mbili zimefanana akatangaza undugu ameipata nusu ya kwanza ya neno la Walpole. Nusu ya pili ni kwenda kuuliza Washona wanasemaje.

Hadithi ya wana watatu wa mfalme inasemaje?

Mfalme wa Sarandibu aliwasomesha wanawe kwa walimu bora, kisha akawafukuza nchini ili wauone ulimwengu. Wakafika katika nchi ya mfalme Beramo, ambaye ndiye Bahram wa masimulizi ya Kiajemi. Njiani walikutana na mtu aliyepotelewa na ngamia. Wakamuuliza: ngamia wako ana chongo? Ana pengo? Anachechemea? Mtu yule akashangaa, akasema ndiyo, ndiye. Wakaongeza: upande mmoja amebeba siagi na upande wa pili asali, na aliyempanda ni mwanamke mjamzito.

Mwenye ngamia aliona kwamba watu wanaojua mengi hivyo hawawezi kuwa wasafiri tu. Akawashtaki kwa wizi, wakafungwa. Baadaye ngamia akaonekana, wakatolewa gerezani, na mfalme akataka kujua walijuaje. Nyasi, wakasema, zilikuwa zimeliwa upande mmoja tu wa njia, nao ndio upande uliokuwa na nyasi mbaya: basi jicho la upande wa pili halioni. Njiani kulikuwa na matonge ya majani yaliyotafunwa, kila tonge likitosha kupita katika nafasi ya jino moja. Nyayo zilikuwa tatu, na wa nne ulikuwa mburuto. Upande mmoja sisimizi walikuwa wamejaa, kwa sababu ya mafuta yaliyodondoka; upande wa pili ni nzi, kwa sababu ya asali. Na pale mwanamke alipochutama kujisaidia palikuwa na alama za viganja ardhini, kwani alilazimika kujisukuma kwa mikono ili ainuke na mzigo wa tumbo lake.

Ninaipenda sehemu hiyo ya viganja kuliko zote. Walioona nyayo tu wangesema "mwanamke". Aliyekwisha kumwona mama mjamzito akiinuka chini ndiye angesema "mjamzito".

Ni hadithi ya nani hasa?

Ya wengi. Kitabu cha Kiitalia kilichomfikia Walpole kwa njia ya tafsiri kilichapishwa Venice mwaka 1557 na Michele Tramezzino, kikijieleza kuwa kimetolewa katika Kiajemi na mtu aitwaye Cristoforo Armeno. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1722. Lakini Amir Khusrau, mshairi wa Delhi aliyetunga kwa Kiajemi, alikuwa amekwisha kuitia katika utenzi wake mwanzoni mwa karne ya 14. Na kabla yake, vitabu vya historia vya Waarabu, kikiwemo cha Tabari aliyefariki mwaka 923, vinasimulia karibu jambo lilelile kuhusu wana wanne wa Nizar, anayetajwa kuwa babu wa makabila ya Waarabu, walioelekea mji wa Najran: ngamia ana chongo, amepinda, hana mkia, na ametoroka. Walijuaje kwamba hana mkia? Kinyesi chake kilianguka fungu moja. Mwenye mkia angekitawanya. Talmudi ya Wayahudi nayo ina ngamia wake wa namna hiyo.

Voltaire, mwandishi Mfaransa, aliichukua hadithi hiyo mwaka 1747, akamgeuza ngamia kuwa mbwa wa malkia na farasi wa mfalme. Kutoka hapo njia inakwenda mpaka kwenye hadithi zote za wapelelezi wanaomtambua mtu kwa tope la kiatu chake.

Walpole aliisoma vizuri?

Aliikumbuka vibaya. Katika barua yake ngamia amekuwa baghala, yule mnyama anayezaliwa na punda dume na farasi jike. Pia aliiita hadithi ya kipuuzi, jambo ambalo kwangu ni dhuluma kwa hadithi.

Kosa kubwa zaidi ni jingine. Wana wa mfalme hawakupata kitu chochote. Hawakuokota dhahabu, hawakumpata ngamia. Walisoma alama na kufikia hukumu sahihi. Hadithi nzima ni ya werevu, na sadfa ndani yake ni kidogo tu: kwamba walipita njia ile siku ile. Walpole ndiye aliyeongeza uzito upande wa sadfa, kwa sababu alikuwa akiifikiria picha yake na kitabu chake cha nembo. Hata hivyo hakuutupa werevu. Mfano wa pili aliotoa ni wa bwana mmoja mkubwa aliyekaa mezani kwa mheshimiwa Clarendon, akatambua kwamba binti wa nyumba ameolewa kwa siri na mdogo wa mfalme wa Uingereza. Alitambuaje? Aliona jinsi mama mtu alivyokuwa akimpa binti yake heshima isiyo ya mama kwa mtoto. Wote waliokuwepo waliiona meza ileile. Mmoja ndiye aliyeisoma.

Kwa nini neno halikuenea mapema?

Kwa sababu lilikuwa ndani ya barua ya mtu. Walpole alifariki mwaka 1797, na barua zake kwa Mann zilichapishwa mwaka 1833. Hata baada ya hapo lilisomwa na wachache. Mwaka 1875 Edward Solly aliandika juu yake katika jarida la wapenda vitabu na mambo ya kale la London, na kwa miongo kadhaa likabaki hukohuko, kwa watu wanaozunguka maduka ya vitabu vikuukuu na kurudi nyumbani na kile ambacho hawakukifuata. Maana ikaanza kuhama: kutoka kutambua jambo hadi kuokota kitu. Jicho likapungua, mkono ukaongezeka.

Wanasayansi waliingiaje?

Walilihitaji. Walikuwa na visa vingi vya ugunduzi uliokuja bila kuitwa, na hawakuwa na jina la kuviita. Mwaka 1945 Walter Cannon, mtaalamu wa fiziolojia wa Harvard, alitenga sura nzima ya kitabu chake kueleza faida za jambo hili katika maabara. Baadaye mwanasosholojia Robert Merton, pamoja na Elinor Barber, aliandika kitabu kizima juu ya historia ya neno hili moja. Walikimaliza mwaka 1958, wakakiweka. Kilitoka kwa Kiitalia mwaka 2002, na kwa Kiingereza mwaka 2004, wakati Merton alikuwa amekwisha fariki.

Mfano unaotajwa sana ni wa Alexander Fleming, mtaalamu wa bakteria, na dawa ya penisilini. Mwaka 1928 alirudi kutoka likizo, akakuta ukungu umeota katika sahani yake ya bakteria, na kandokando ya ukungu bakteria wamekufa. Watu husimulia kisa hiki kana kwamba ukungu ndio uliofanya kazi. Lakini ukungu ulikuwa ukiharibu sahani za maabara kila mahali, na kazi ya kawaida ilikuwa kuzitupa na kuziosha. Ernest Duchesne, daktari Mfaransa, alikuwa amekwisha kuandika juu ya vita vya ukungu na vijidudu mwaka 1897, na hakuna aliyemsikiliza. Hata Fleming hakufika mwisho: penisilini iliyoponya watu ilitokana na kazi ngumu ya wanasayansi Florey, Chain na wenzao huko Oxford, miaka zaidi ya 10 baadaye. Bahati ilikuwa ya asubuhi moja.

Kuna mfano wa huku kwetu?

Upo, na kwa maoni yangu unalieleza neno hili kuliko penisilini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanaacha yapoe, kisha wanayaweka katika jokofu. Nafasi ilikuwa ya kugombania. Mwenzake mmoja aliamua kuyaweka bila kuyachemsha. Mpemba, akiogopa kukosa nafasi, aliyaweka ya kwake yakiwa bado ya moto. Saa moja na nusu baadaye ya moto yalikuwa yameganda, na ya mwenzake bado.

Sadfa iliishia hapo. Yaliyofuata ni ya Mpemba mwenyewe. Alimuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Wengi wangeliacha, maana mtoto wa shule aliyeambiwa hivyo mbele ya wenzake hana pa kwenda. Yeye alipokutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu Tanga, akamuuliza, akaambiwa kwamba wauzaji huweka maziwa ya moto makusudi ili yagande upesi. Akaendelea na shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Akayajaribu mwenyewe kwa maji. Siku Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam alipofika shuleni kutoa mhadhara, Mpemba alisimama akauliza swali lilelile, wenzake wakamcheka. Osborne hakucheka. Alirudi chuoni akalijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 makala ya wawili hao ikachapishwa katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Mpaka leo wanafizikia wanabishana kama jambo hilo hutokea kweli, lini, na kwa nini. Wapo waliopima na kusema hawakuliona. Lakini wanalibishania kwa jina lake.

Leo neno hili linamaanisha nini mitaani?

Karibu kila kitu kizuri kisichopangwa. Ukikutana na rafiki wa zamani uwanja wa ndege, ukipata nyumba ya kupanga kwa kupitia tangazo la kitu kingine, ukimpata mchumba kwa kupanda basi lisilo lako, Mwingereza au Mmarekani atakwambia *serendipity*. Limekuwa jina la mikahawa, ukiwemo mmoja maarufu wa New York uliofunguliwa mwaka 1954, na la manukato, na la mashua. Wanaotengeneza programu za kupendekeza nyimbo na vitabu nao wanalitumia: kwao ni kipimo cha pendekezo linalomshangaza mtu na bado likamfaa. Hapo werevu umehamishiwa kwenye mashine, na mtumiaji amebakiwa na mshangao.

Maneno hubadilika, na sina nia ya kumsahihisha mtu barabarani. Ila tofauti ipo, na inatuhusu. Tukisema penisilini au aiskrimu ya Mpemba ni bahati tu, tunamfundisha mwanafunzi kwamba hana la kufanya ila kungoja.

Lina kinyume chake?

Mwaka 1998 mwandishi William Boyd alibuni *zemblanity*, kutokana na Novaya Zemlya, visiwa vya barafu vya kaskazini mwa Urusi. Kwake ni uzoefu wa kufanya ugunduzi mbaya, wa huzuni, na wa kutarajiwa kabisa. Halijaenea sana.

Linatamkwaje?

Se-ren-DI-pi-ti, mkazo ukiwa kwenye DI. Sisi tumezoea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo ulimi hutaka kusema se-ren-di-PI-ti. Katika Kiingereza isemwe kwa mkazo wao. Ukilitumia ndani ya Kiswahili, serendipiti, litamke upendavyo, na lifuate ngeli ya I-ZI.

Kiswahili kina neno lake?

Neno moja linalobeba mambo yote mawili, hapana. Tuna sadfa, ambalo ni zuri na halitumiki inavyostahili, lakini sadfa yaweza kuwa mbaya au isiyo na maana. Tuna bahati, ambayo humwangukia hata aliyelala. Bahati nasibu imekwisha chukuliwa na tiketi. Kismeti na kudra humwondoa mtu kabisa katika kisa. Upande wa pili tuna werevu, busara, ung'amuzi, na haya nayo hayana sadfa ndani yake.

Walio karibu zaidi ni wahenga: mtembea bure si sawa na mkaa bure. Mtembezi wa methali hii hakwenda kutafuta kitu, na bado yuko katika nafasi ya kuokota, kwa kuwa ametoka na anaangalia. Ni maneno mengi kwa mtafsiri mwenye nafasi ya neno moja, lakini wazo limo.

Basi nikilitafsiri niandike nini?

Tazama kwanza mwandishi analitumia vipi. Kama ni maana ya mitaani, "kwa bahati" au "kwa sadfa njema" inatosha, usiuchoshe mstari. Kama ni makala ya sayansi au historia, andika yote mawili: "waligundua kwa sadfa na kwa werevu", au "ugunduzi usiotafutwa". Mimi siku hizi huandika "bahati yenye macho". Wahariri wawili wamekwisha niuliza maana yake, nikawaeleza, na wote wawili wakaiacha ibaki.

Na nikikitafuta kitu nikakipata kwa bahati, naweza kulitumia?

Kwa sheria ya Walpole, huwezi. Alimwandikia Mann waziwazi kwamba ugunduzi wa kitu unachokitafuta haumo. Ukitafuta funguo zako chini ya kochi ukazipata, hizo ni funguo. Ukizitafuta ukakuta barua ya marehemu babu, ukaona kwamba mwandiko wake ni uleule wa hati ya shamba inayobishaniwa na ukoo, hapo litumie.